Songea Mbano Kabla ya Kamba

Ukitaka kujua kama mtu alikuwa maarufu kweli, waulize watu alikufaje. Hata yule asiyeweza kutaja nyimbo tatu za Tupac Shakur atakwambia alipigwa risasi akiwa ndani ya gari Las Vegas, mwaka 1996. Bob Marley, saratani iliyoanzia kidole cha mguu, 1981. Steven Kanumba, Aprili 2012, na Dar es Salaam ilivyofurika watu siku ya kumzika. Kaa kwenye chumba chochote cha hosteli usiku umeme ukikatika, mada ikifika kwenye vifo vya watu wakubwa hakuna anayelala. Kila mtu ana toleo lake, kila mtu ana shahidi wake, na mpaka umeme unarudi ameshauawa kila mtu.

Sasa geuza swali. Uliza Tupac alisomea nini shuleni, au Lumumba alifanya kazi gani kabla ya siasa. Chumba kinakuwa kimya. Kumbe wa kwanza alisomea sanaa za jukwaani na wa pili alikuwa karani wa posta. Kifo kinakumbukwa chenyewe tu, lakini maisha mpaka mtu ayatafute.

Mimi natokea Songea, na sisi wa Songea jambo hili linatugusa kuliko wengine, kwa sababu mji wetu wote umebeba jina la mtu mmoja, na mtu huyo tunamjua kwa kifo chake tu. Simama stendi, mshike mtoto wa darasa la nne, muulize Songea ni nani. Atakujibu bila kupepesa macho: alikuwa nduna wa Wangoni, Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, kichwa chake wakakipeleka Ujerumani. Nukta. Nami nilijibu hivyo hivyo kwenye mtihani wa shule ya msingi nikapata alama zote. Jibu ni sahihi. Lakini nikilitazama leo naona ni jibu linaloanza pale mtu anapoishia. Songea Mbano alikuwa mtu mzima, mwenye madaraka na watu nyuma yake, kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga Ungoni. Naomba tumrudishe huko kidogo, kisha tutafika kwenye kamba, maana lazima tufike.

Wangoni si wenyeji wa Ruvuma tangu kale. Walitoka kusini kabisa mwa Afrika wakati wa vurugu zilizofuatana na kukua kwa dola ya Wazulu. Kundi kubwa lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likapanda kaskazini mpaka Ufipa, na huko Zwangendaba akafariki karibu mwaka 1848. Baada ya kifo chake kundi liligawanyika, kila mwana wa kifalme na mkubwa wa vita akachukua njia yake. Waliokuja upande wetu waliwakuta Wangoni wengine, wa Maseko, wameshatangulia. Wakapigana nao, Wamaseko wakashindwa wakaondoka kurudi kusini, na Ungoni ikabaki na falme mbili: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Watawala wa Njelu walitoka ukoo wa Gama, na katika falme zote mbili mtawala aliitwa Nkosi.

Hapa ndipo anapoingia Songea. Yeye hakuwa Gama. Alikuwa wa ukoo wa Mbano, kwa hiyo kiti cha Nkosi hakikuwa chake na kisingekuwa chake kamwe. Alikuwa nduna, yaani mkubwa aliyepewa watu na eneo chini ya Nkosi wa Njelu. Tusilichukue neno nduna kama cheo cha kupambia tu. Nduna aliongoza vikosi vitani, lakini vita havikuwa kila siku. Siku nyingi alikuwa anakaa na watu: kesi za ng'ombe, kesi za wake, nani alime wapi, mateka huyu apewe nyumba ipi. Ufalme wa Kingoni ulikuwa umejengwa hivyo, Nkosi juu na manduna wanaoshika watu chini, na nguvu ya nduna ilitokana na idadi ya watu waliokubali kumfuata. Songea alifuatwa na wengi. Ilifika mahali ambapo, katika Njelu, ukitaka jambo litendeke ilibidi upite kwake, hata kama Nkosi alikuwa mwingine. Mtu asiye na damu ya kifalme kufika hapo inahitaji akili, inahitaji mdomo, na inahitaji uvumilivu wa kukaa barazani kutwa nzima.

Na tusidanganyane, kulikuwa na upande mwingine. Wangoni waliishi kwa nguvu. Walivamia Wamatengo, Wandendeule, Wapangwa na wengine, wakachukua ng'ombe, chakula na watu. Waliochukuliwa waliitwa Wasutu, wakaingizwa kwenye vijiji vya Kingoni, vijana wao wakapewa ngao ya ngozi na mkuki mfupi na kufundishwa kupigana kama Wangoni. Wengine waliishia kwenye njia za misafara ya kwenda Kilwa pamoja na pembe za ndovu. Nduna mkubwa alikuwa mkubwa ndani ya mfumo huo, si nje yake. Nasema hivi kwa sababu darasani kwetu kuna Mndendeule na Mmatengo pia, na ukiwaambia Songea ni shujaa wao wana haki ya kuuliza shujaa wa nani.

Lakini mfumo huo huo ulifanya jambo la ajabu. Wangoni waliokuja na lugha yao ya kusini waliipoteza. Mama wa watoto wengi walikuwa wanawake wa huku, na mtoto huongea lugha ya mama jikoni. Kingoni kinachosemwa leo vijijini Songea ni ndugu wa lugha za Ruvuma, si cha Zululand, ingawa majina ya koo na maneno ya utawala kama nkosi na nduna yalibaki. Kwa hiyo Songea Mbano alitawala jamii iliyokuwa inabadilika mbele ya macho yake: washindi walikuwa wanageuzwa na walioshindwa. Ukikutana leo na kijana wa Songea mwenye jina la Kingoni, bibi yake mzaa mama Mmatengo na shangazi aliyeolewa Undendeule, unaona kazi ya miaka hiyo.

Mwaka 1897 Wajerumani walifika kujenga boma. Waliwaita viongozi wa Wangoni kwenye baraza, na baraza likageuka mtego: viongozi wakawekwa chini ya ulinzi mpaka wakubali utawala mpya. Boma likajengwa karibu na makazi ya nduna Songea, na kituo kikachukua jina lake. Nadhani wengi wetu hatujalifikiria jambo hili vizuri. Tunaamini mji ulipewa jina la Songea kumuenzi shujaa aliyenyongwa. Hapana. Mji uliitwa Songea akiwa bado hai, miaka tisa kabla ya kunyongwa, kwa sababu mgeni akiuliza anakwenda wapi alijibiwa anakwenda kwa Songea. Jina la mji wetu linatokana na maisha yake, halitokani na kifo chake.

Mwaka uliofuata, 1898, wamisionari wa Kibenediktini wakiongozwa na Padri Cassian Spiss walianzisha misheni ya Peramiho. Mwaka huo huo kodi ya kibanda ilianza katika koloni zima. Uvamizi ukapigwa marufuku, maana yake njia iliyowapa wakubwa wa Kingoni mali na wafuasi ikafungwa. Waliozoea kutoza wakawa wanatozwa. Waliozoea kuamua kesi wakawa wanapelekwa kwa Bwana Mkubwa bomani. Na waliozoea kuwaheshimu mahoka, yaani wazee waliotangulia, wakashuhudia padri mmoja wa Peramiho akiichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Songea aliishi na haya yote kwa miaka minane, boma likiwa mlangoni kwake. Hakupigana. Ni miaka minane ya kiongozi anayekwenda bomani anapoitwa, anasikiliza, anarudi nyumbani, anawaambia watu wake nini cha kufanya kesho. Vitabu vya shule vinairuka, sijui kwa nini. Kwangu mimi ndiyo miaka inayomfanya awe mtu ninayemwelewa, kwa sababu wengi wetu tutaishi hivyo: chini ya watu wenye nguvu kuliko sisi, tukipima kila siku tuseme lini na tunyamaze lini.

Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Majimaji yakaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa haina hata mwezi. Huyu wengi tunamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Kifo chake hakikuzuia maji kusafiri. Yalifika Ungoni yakiletwa na mjumbe aliyeitwa Omari Kinjala. Chabruma, Nkosi wa Mshope, aliyapokea, na Njelu nayo ikaingia.

Watu huuliza kwa dharau, eti wazee wetu waliaminije kwamba risasi itageuka maji? Mimi huuliza swali lingine. Wangoni walikuwa wanajeshi wa vizazi vitatu. Songea alikuwa ameona bunduki za Wajerumani kwa miaka minane. Mtu kama huyo hakuwa mjinga wa vita. Lakini maji yalileta kitu ambacho hakuna nkosi wala nduna aliyewahi kukipata kwa mkuki: Mngoni na Mndendeule, Mngindo na Mpangwa, mvamizi wa jana na mvamiwa wa jana, wote wakinywa kutoka chombo kimoja. Kwa kiongozi aliyejua hesabu ya watu, hiyo peke yake ilikuwa sababu ya kuingia. Hayo ni maoni yangu, mwalimu wako wa historia anaweza kuyapinga.

Mwanzoni mwa Septemba 1905, huko Namabengo, kwenye barabara ya leo ya kwenda Namtumbo, Wangoni walikutana na moto wa bunduki na dawa ikashindwa. Mwezi huo huo misheni ya Peramiho ilichomwa. Cassian Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, alikuwa ameshauawa mwezi Agosti akiwa safarini upande wa Liwale. Baada ya Namabengo wengine walirudi majumbani, wengine waliingia porini wakabadili namna ya kupigana. Karibu na mji, kwenye kilima cha Chandamali, kuna pango ambalo linaelezwa kuwa ndimo nduna Songea alimojificha. Nimelipanda lile jiwe. Ukisimama pale unaona mji wote na milima ya Matogoro unakoanzia mto Ruvuma. Mtu aliyejificha pale alikuwa anaona boma lenye jina lake.

Mwisho wa mwaka 1905 Meja Johannes alileta kikosi kikubwa, na Wajerumani wakaacha kutafuta mapambano ya uso kwa uso. Wakachoma vijiji, wakachukua chakula, wakaharibu mashamba. Njaa ikafanya kazi ambayo bunduki haikumaliza. Makadirio ya waliokufa katika vita nzima, kusini yote, wengi wao kwa njaa na maradhi, yanaanzia 75,000 upande wa Wajerumani na kufika 250,000 mpaka 300,000 kwa hesabu za wanahistoria wa baadaye. Viongozi wa Kingoni wakaanza kukamatwa mmoja mmoja. Chabruma alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na huko akauawa.

Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Nkosi Mputa alikuwemo. Alikuwemo Mkomanile, mwanamke pekee miongoni mwao, naye nduna. Kabla ya kunyongwa, Padri Johannes Häfliger aliwabatiza baadhi yao. Wakazikwa pamoja, watu 66 kwenye kaburi moja la halaiki, pale Mahenge ilipo leo Makumbusho ya Majimaji.

Songea hayumo kwenye kaburi hilo. Kaburi lake liko peke yake, hatua chache pembeni. Masimulizi yanayotolewa pale yanaeleza kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza. Walijua uzito wake, walijua watu wanamsikiliza, wakaona atawafaa. Yeye akakataa kubaki hai wakati wenzake wamekwisha, akataka afanyiwe kama walivyofanyiwa. Akanyongwa siku chache baadaye, akawa wa 67. Familia na wazee wanasimulia kwamba kichwa kilikatwa, kikasafirishwa Ujerumani, na kilichozikwa Mahenge ni kiwiliwili.

Nimesikia simulizi hili mara nyingi. Tulipokuwa wanafunzi tulipangwa foleni kila Februari, sare zimefuliwa, jua linachoma, tunawasikiliza wazee wenye ngao na rungu wakitambika. Kila mara watu huguna pale panapotajwa kichwa. Lakini sehemu inayonishika mimi ni ile iliyotangulia, ya kukataa. Kwa sababu kukataa huko hakueleweki kama humjui aliyekataa. Kwa mtu wa kawaida kungekuwa ukaidi tu. Kwa nduna, ambaye maisha yake yote nguvu yake ilikuwa watu wanaomfuata, kubaki hai kwa hisani ya boma kulimaanisha kukaa kwenye baraza tupu, akiwaamuru wajane na mayatima wa wenzake kwa niaba ya waliowanyonga. Alikuwa ameshaishi na boma miaka minane, alijua vizuri kabisa kazi anayopewa ni ipi. Ukiyajua maisha, kifo kinaanza kusomeka.

Sasa kuhusu kichwa chenyewe. Songea hayuko peke yake. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe, kichwa kikachukuliwa. Suala lake liliingizwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954 kwa juhudi za Gavana Twining. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na ukoo wake umekuwa ukitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Hata Wazungu wenyewe hawakupona na ugonjwa huu wa kupenda mafuvu: mtunzi wa muziki Joseph Haydn alipofariki Vienna mwaka 1809, kichwa chake kiliibwa kaburini na watu walioamini kipaji cha muziki kinaweza kupimwa kwenye mfupa, na kikaunganishwa na mwili wake mwaka 1954, mwaka ule ule wa Mkwawa. Tofauti ni kwamba kichwa cha Haydn kiliibwa na wezi wachache. Vya huku vilikusanywa kwa mamia, na taasisi za elimu zikavipokea, zikavipa namba, zikavipanga kwenye rafu.

Huko Berlin, watafiti walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mafuvu 904 yalitambuliwa kuwa ya Rwanda, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Septemba 2023 walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya ndugu walio hai huku kwetu. Mmoja wao ni Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kwa hiyo si ndoto, inawezekana mfupa ukapata wenyewe. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, na Kongo nzima ikasimama kulipokea.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikwenda Makumbusho ya Majimaji, alikutana na familia ya nduna Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kwamba kichwa kitatafutwa. Simu zetu hapa Mlimani zilijaa picha siku ile, na wengi waliokuwa hawajui Songea iko upande gani wa ramani waliniuliza kama huyo Songea ni ndugu yangu. Fuvu bado halijapatikana. Nataka lipatikane, nataka lizikwe pale Mahenge, nataka kaburi liwe na mtu mzima. Familia inayosubiri miaka zaidi ya mia haistahili kuambiwa isubiri tena kwa adabu.

Ila kuna hofu ninayo. Tukiuelekeza mjadala wote kwenye fuvu, Songea atakuwa fuvu. Tutakuwa tumewafuata wale waliomkata, maana wao ndio walioona kwamba kitu cha maana kwa huyu mtu ni mfupa. Siku kichwa kikirudi, kikishushwa uwanja wa ndege na bendi ikapiga, mtoto wa darasa la nne atakuwa na sentensi moja zaidi ya kuandika kwenye mtihani: na mwaka fulani kilirudishwa. Nukta nyingine. Bado hatajua kwa nini watu walimfuata mtu ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme.

Na hapa ndipo napotaka kutuchokoza wanachuo. Mwaka 1968, wakati chuo hiki kilikuwa bado University College, Dar es Salaam, wanafunzi wa historia walipelekwa likizo na kazi maalumu. Walirudi makwao, kusini kote, wakakaa na wazee walioiona Majimaji kwa macho yao au waliosimuliwa na wazazi wao, wakaandika walichosikia. Mradi huo ulisimamiwa na akina John Iliffe na Gilbert Gwassa, na karatasi zake zilikusanywa mwaka 1969. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Majimaji kutoka upande wetu, si upande wa ripoti za maofisa wa Kijerumani, inatokana na madaftari ya vijana wa umri wetu. Hawakuwa na simu ya kurekodi. Walikuwa na kalamu, lugha za nyumbani, na adabu ya kukaa chini mbele ya mzee.

Wazee waliohojiwa na vijana wale hawapo tena. Waliobaki sasa ni wajukuu zao, yaani babu na bibi zetu. Nao wanaondoka. Kila ninapokwenda nyumbani kuna mlango mmoja zaidi niliokuwa nabisha hodi ambao sasa hauna wa kuitikia. Kisa cha kunyongwa hakitapotea, kimechongwa kwenye sanamu na kinasomwa kwa kipaza sauti kila tarehe 27 Februari. Kinachopotea ni yale madogo: nani alilima shamba la nduna, kesi ziliamuliwa chini ya mti upi, mke yupi aliwalea watoto wa mateka, Wandendeule wanamsimulia vipi mtu huyo huyo upande wao. Hayo hayamo kwenye rafu yoyote Berlin, kwa hiyo hatuwezi kumdai Mjerumani aturudishie.

Likizo ya Julai inakuja. Bumu litakuwa limekwisha, wengi tutakuwa kwenye basi la alfajiri, sisi wa Songea tukipita Makambako na Njombe na magoti yakiuma. Ukifika, msalimie bibi vizuri, kaa naye jikoni, msaidie kuchambua mboga, washa kinasa sauti cha simu ukiwa umemwomba ruhusa. Na kama kwenu si Ruvuma, kila wilaya ina mtu ambaye watu wanajua alivyokufa tu. Anza na huyo. Usimuulize alikufaje, hilo atakwambia mwenyewe. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, watu walimpendea nini, nani alimchukia na kwa nini. Andika yote, hata yasiyopendeza. Ukirudi, madaftari tuyaweke pamoja maktaba, pembeni ya yale ya mwaka 1968, ili mtoto wa darasa la nne atakayeulizwa Songea ni nani aanze jibu lake mbali kidogo na kamba.